Simu ya Mwalimu na Goti la Mtoto

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuongea juu ya malaria, maji safi na chakula cha watoto. Mwezi huu tuangalie jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu kuwa la afya: mpira wa mikono wanaoucheza watoto wetu shuleni, na jinsi vyombo vya kisasa, hasa simu, vinavyoweza kumsaidia mwalimu awafundishe bila kuwaumiza.

Kwanza tuelewane ni mchezo gani. Si mpira wa wavu, wala si mpira wa pete. Mpira wa mikono ni ule wa wachezaji 7 kila upande, mmoja wao akiwa golikipa, katika kiwanja cha mita 40 kwa 20. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mchezaji haruhusiwi kupiga zaidi ya hatua 3 na mpira mkononi, wala kuushika zaidi ya sekunde 3. Mbele ya goli kuna mstari wa mita 6 ambao mshambuliaji hapaswi kuukanyaga akiwa na mpira, isipokuwa anaweza kuruka juu yake na kurusha akiwa bado hewani. Ndiyo sababu watoto wanaupenda. Unaruka, unarusha, golikipa anashtuka, na wewe unatua ndani ya eneo lake.

Mchezo huu umo katika mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari. Timu huanzia shuleni, zikapita kata, wilaya na mkoa, na walio bora huenda kwenye fainali za taifa, ambazo kwa mfano mwaka 2021 zilifanyika Mtwara na mwaka 2022 Tabora. Mtoto wa Nkwenda au wa Nyaishozi anaweza kufika huko, na kwa wengi ndiyo safari ya kwanza kuvuka mipaka ya Kagera. Majirani zetu wamekwisha kwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 mashindano ya Afrika ya vijana wa mpira wa mikono yalifanyika Kigali, na mwaka 2023 vijana wa Rwanda na wa Burundi walicheza fainali za dunia za umri wao nchini Kroatia. Kutoka Kyerwa unavuka mto Kagera tu, upo Rwanda. Kwa hiyo mtoto anayesema anataka kufika huko haoti ndoto ya bure.

Basi hatari iko wapi?

Iko katika kutua. Ndani ya goti, katikati, kuna kano fupi inayozuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele. Mchezaji anaporuka akarusha kisha akatua kwa mguu mmoja, au anapokanyaga kwa ghafla ili amdanganye beki na kugeukia upande wa pili, goti likiangukia ndani kuelekea goti la pili, kano hiyo yaweza kukatika. Wengi hudhani goti huumia kwa kugongwa. Katika mchezo huu, mara nyingi kano hukatika bila mtu yeyote kumgusa mchezaji. Yeye mwenyewe husikia kitu kama "tap!" ndani ya goti, akaanguka, na baada ya saa chache goti limejaa kama chungu. Mabinti huumia hivi mara kadhaa zaidi kuliko wavulana, hasa wanapokuwa katika miaka ya kurefuka haraka, wakati mifupa inatangulia na misuli inabaki nyuma.

Kano hiyo ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe kama mfupa unavyojiunga. Na tufikirie maisha yetu ya Karagwe na Kyerwa. Binti wa darasa la saba akiharibika goti, hapotezi mpira peke yake. Anashuka bondeni kuchota maji, anapanda na dumu la lita 20 kichwani, na goti linamkatikia njiani. Anainama kwenye migomba, anachuma kahawa mlimani, goti linavimba jioni. Miaka kumi na tano au ishirini baadaye goti limesagika, naye bado ni mama kijana mwenye watoto wa kubeba. Upasuaji wa kuirudishia kano hiyo upo, lakini mgonjwa wa kwetu hufikiria hospitali kubwa kama Bugando kule Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili huko Dar es Salaam, na nauli peke yake humaliza mavuno ya kahawa ya familia.

Sitaki mzazi asome haya akamkataza mtoto kucheza. Mtoto anayecheza hupata moyo wenye nguvu, mifupa migumu na marafiki, na kwa binti ni nafasi ya kuonekana kuwa anaweza. Ninachotaka ni kwamba anayemfundisha aione hatari kabla ya goti kuiona.

Wazungu wanafanyaje

Huko Ulaya, mpira wa mikono unapendwa sana, nao wana vyombo vya ajabu. Katika mashindano ya mataifa ya Ulaya ya wanaume ya Januari 2020, yaliyochezwa Austria, Norwei na Uswidi, wachezaji walivaa kifaa kidogo kama kibiriti chini ya jezi, na mpira wenyewe ulikuwa na kifaa ndani yake. Mitambo iliyozunguka ukumbi ilisoma kila mmoja amekimbia mita ngapi, ameruka mara ngapi na mpira umekwenda kwa kasi gani.

Vyombo hivyo si vya kwetu, wala tusivililie. Ukitazama vizuri, kocha wa timu kubwa anavitaka ili ajibu maswali mawili: mchezaji wangu amefanya kazi kiasi gani wiki hii, na mwili wake unajibeba namna gani akiruka na kutua? Maswali hayo mawili mwalimu wa Kayanga au wa Kaisho anaweza kuyajibu. La kwanza halihitaji hata simu ya kupangusa.

Ujumbe wa Jumapili jioni

Nchini Denmaki, watafiti waliwafuata vijana 679 wa mpira wa mikono, wenye umri kati ya miaka 14 na 18, kwa wiki 31. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Na unajua walitumia chombo gani kukusanya habari? Ujumbe mfupi wa simu, huu huu tunaotumiana kuulizia bei ya kahawa. Kila wiki kijana alijibu amecheza na kufanya mazoezi saa ngapi, na kama ameumia. Aliyesema ameumia alipigiwa simu, na ikibidi alipimwa.

Waligundua kwamba vijana ambao saa zao za wiki ziliongezeka ghafla kwa zaidi ya asilimia 60, kuliko walivyozoea katika wiki zilizotangulia, waliumia bega karibu mara mbili ya wale ambao saa zao ziliongezeka kidogo tu au hazikuongezeka. Na wale waliokuwa na udhaifu wa misuli ya bega waliumia zaidi hata kwa ongezeko dogo kuliko hilo, yaani la kati ya asilimia 20 na 60.

Sasa tuhesabu mambo yetu. Mtoto wa shule ya msingi hufanya mazoezi tuseme saa 3 kwa wiki, mengine yakikatwa na mvua ya masika. Asilimia 60 ya ongezeko ingemfikisha kwenye saa 4 na dakika 48. Halafu anachaguliwa timu ya wilaya, anaingia kambini mwezi wa Juni au mwishoni mwa Mei. Huko mazoezi ni asubuhi saa 2 na jioni saa 2, siku 6 za wiki. Jumla ni saa 24. Kutoka 3 hadi 24! Ni mara nane. Hakuna mkulima anayempa ng'ombe mchanga jembe la kulima namna hiyo. Kisha mtoto akisema bega linauma anaambiwa ni mvivu, au anapewa kidonge cha maumivu ili acheze nusu fainali.

Kwangu mimi hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko ubovu wa viwanja. Walimu wengi hawalifanyi kwa ubaya. Muda wa maandalizi ni mfupi na kila wilaya inataka kombe. Lakini mwili wa mtoto haujui kombe.

Dawa yake ni kuanza mapema na kupanda taratibu. Ukianza mwishoni mwa Machi kwa saa 3 na kuongeza nusu saa kila wiki, baada ya wiki 10, yaani mwanzoni mwa Juni, umefika saa 8, na hakuna wiki ambayo mtoto ameshtuliwa. Na ukifika kambini, si lazima kila saa iwe ya kurusha mpira. Asubuhi iwe ya mbio nyepesi, kupasiana kwa karibu na kujifunza mbinu ubaoni. Jioni ndiyo warushe golini.

Na huo ujumbe? Mwalimu awe na daftari lenye majina. Kila Jumapili jioni mzazi, hata mwenye kitochi cha vitufe, atume maneno mawili matatu: saa za wiki, na mahali panapouma kama papo. Kwa mfano, "4, goti la kulia." Hapo ndipo mzazi anapoingia, maana mwalimu hajui kwamba mtoto huyo Jumamosi alibeba mikungu ya ndizi kwa kutwa nzima, au alikwenda na baba kwenye mnada akatembea kilomita nyingi. Kazi za nyumbani nazo ni mazoezi kwa mwili. Asiye na simu atume kwa mtoto, kwenye karatasi. Mtoto aliyetaja mahali pale pale mara mbili mfululizo, mwalimu ampunguzie na amwangalie.

Ili kuhesabu mirusho, njia nyepesi ni kopo na punje za maharage. Mtoto mmoja ambaye siku hiyo hachezi anadondosha punje kila mwenzake anaporusha kwa nguvu golini. Mwisho wa mazoezi wanahesabu, mwalimu anaandika. Watoto wanaipenda kazi hiyo, na wakati huo huo wanafanya hesabu za kujumlisha bila kulalamika.

Kupiga picha za kutua

Hapa sasa ndipo tunaihitaji simu yenye kamera. Simu tunayoisema ni ya mwalimu au ya mzazi. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na hilo libaki hivyo. Kupiga video hakuli bando, linaliwa unapoituma. Kinachohitajika ni chaji na nafasi ndani ya simu.

Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kupiga picha za mwendo wa polepole. Video ya kawaida hupiga picha kama 30 kwa sekunde moja. Ile ya polepole huweza kupiga 120 au hata 240. Kutua kwa mtoto ni jambo la kufumba na kufumbua, jicho halilioni. Ukilitazama polepole utaona kila kitu.

Chukua benchi la darasani au sanduku imara lenye kimo cha kama sentimita 30. Chora mstari chini, mbele yake. Simu isishikwe mkononi, maana mkono hutetemeka. Ifungwe kwenye kigingi au iegemezwe juu ya matofali, ifike usawa wa kiuno cha mtoto, hatua 5 mbele yake, jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Mtoto avae bukta ili magoti yaonekane, na ukipenda weka alama ya chaki juu ya pia ya kila goti. Kwa mabinti, mwalimu wa kike ndiye apige. Mtoto ashuke kutoka kwenye benchi, atue kwa miguu miwili kwenye mstari, na hapo hapo aruke juu kadiri awezavyo. Afanye mara tatu. Halafu mara tatu nyingine kamera ikiwa ubavuni.

Unapotazama, usitazame mambo kumi. Tazama magoti kwanza. Wakati wa kutua, magoti yanabaki juu ya vidole vya miguu, au yanakimbiliana kama yanataka kubusiana? Yakikimbiliana, huyo ndiye wa kumfanyia kazi. Kisha tazama kwa ubavuni: anakunja magoti na nyonga kama mtu anayekaa kwenye kigoda, au anatua amenyooka kama mti? Anayetua amenyooka hupeleka kishindo chote kwenye kano. Na usiiache sauti. Funga macho usikilize. Anayetua vizuri hutua kimya kama paka, mwingine utasikia "pu!" mpaka nje ya uzio.

Baada ya hapo mwite mtoto mwenyewe umwonyeshe. Hapa ndipo simu inapomshinda kocha wa zamani aliyepiga kelele "kunja goti! kunja goti!" siku nzima na mtoto asijue anaambiwa nini. Mtoto akijiona, anaelewa mara moja. Mwambie neno moja tu: "tua kimya," au "goti lifuate kidole." Arudie, apigwe tena, alinganishe. Baada ya wiki 4 mpige tena mahali pale pale, kwa benchi lile lile. Bila hivyo utalinganisha chungwa na ndizi.

Siku hizi kuna programu za simu zinazochora mistari juu ya mwili na kuandika nyuzi za magoti zenyewe. Ni nzuri kwa mwenye nazo, ila zinadanganyika kirahisi na nguo pana, mwanga hafifu au kamera iliyowekwa upande. Mwalimu mwenye macho mawili na benchi moja asijione mnyonge.

Jambo la picha za watoto lazima tulitaje kwa uzito wake. Mzazi aombwe ruhusa kwanza, na akikataa mtoto wake asinyimwe namba kwenye timu kwa sababu hiyo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Video zisitumwe kwenye makundi ya simu, zisiwekwe mitandaoni, hata kama mtoto amefunga goli zuri. Zikishatumika zifutwe. Na mtu yeyote anayetaka kuwapiga watoto wakiwa wanabadilisha nguo, au anayemwita binti mmoja peke yake "kwa ajili ya video", huyo si kocha. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu au ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Mazoezi yenyewe

Kuona kosa bila kulirekebisha hakusaidii. Hapa Wanorwei wametuachia kitu kizuri. Katika msimu wa 2002 hadi 2003 walizigawa klabu 120 za mpira wa mikono, zenye vijana 1,837 wa miaka 15 hadi 17, katika mafungu mawili. Fungu moja lilifanya mazoezi maalumu ya kupasha mwili moto, ya dakika 15 hadi 20; lingine liliendelea kama kawaida. Mwaka 2005 walitangaza kwamba katika fungu la mazoezi, majeraha ya magoti na vifundo vya miguu yalikuwa kama nusu ya yale ya wenzao. Nusu! Kama ingekuwa dawa ya vidonge, tungepanga foleni.

Nao hawakutumia mitambo. Walianza na mbio nyepesi za mbele, nyuma na upande. Kisha kukanyaga na kugeuka, na kuruka kurusha na kutua kwa miguu miwili badala ya mmoja. Halafu usawa: kusimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachoyumba huku mnarushiana mpira. Wao walikuwa na vibao na magodoro madogo. Sisi tuna gunia lililojazwa majani makavu ya migomba, nalo linayumba vya kutosha. Mwisho nguvu: kuchuchumaa, kurukaruka, na zoezi moja ambalo watoto hulicheka mpaka walijaribu. Mtoto anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anaanguka mbele polepole, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja, mikono tayari kupokea ardhi. Misuli hiyo ndiyo mlinzi wa ile kano ya goti. Vijana wale walifanya hivyo katika vipindi 15 mfululizo mwanzoni mwa msimu, kisha mara moja kwa wiki.

Mpira nao ni chombo. Shule nyingi zina mpira mmoja, na mara nyingi ni wa watu wazima. Mpira wa wanaume una uzito wa gramu 425 hadi 475, karibu nusu kilo. Wa watoto wadogo, wavulana wa miaka 8 hadi 12 na mabinti wa 8 hadi 14, ni gramu 290 hadi 330, na mzunguko wa sentimita 50 hadi 52. Mtoto wa miaka 10 anayerusha nusu kilo mara mia anaivuta sehemu laini ya mfupa wa bega ambayo bado inakua. Peleka mpira wenu kwenye mizani ya dukani, upimwe. Kama ni mzito, heri watoto wajifunzie kwa mpira wa majani ya migomba uliofumwa vizuri, mwepesi, kuliko ule wa dukani unaowaharibu. Na kabla ya kuanza, watoto wote wapite kiwanjani kwa mstari wakiokota mawe na kufukia mashimo. Kifundo cha mguu hakina programu ya kukilinda na shimo.

Akiumia

Aliyeumia goti, kifundo au kichwa atoke kiwanjani, asirudi siku hiyo. Mguu uinuliwe, ufungwe bandeji isiyobana sana, uwekewe kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 au 20, urudiwe kila baada ya saa chache. Tafadhali sana, siku mbili tatu za kwanza pasikandwe kwa maji ya moto, pasichuliwe kwa mafuta, wala mtu asiuvute mguu "urudi mahali pake". Najua mila yetu ya waunga mifupa, na wapo wenye mikono yenye busara. Lakini kano ya ndani ya goti hairudishwi kwa kuvutwa, na ukivuta mahali palipovunjika unaongeza ubaya.

Mpeleke hospitali yenye eksirei, kama vile Nyakahanga kwa wa Karagwe au Isingiro kwa wa Kyerwa, usiulizie kwanza kama yupo dereva wa bodaboda wa bei nafuu. Hilo ni la lazima kama goti limevimba ndani ya saa chache, kama alisikia kitu kimekatika, kama hawezi kupiga hatua 4 kwa mguu huo, au umekaa kombo. Aliyegongwa kichwa akitapika, akisinzia ovyo au akiongea mambo yasiyoeleweka, asingojee asubuhi. Mkumbuke pia kwamba eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi kano. Mkiambiwa "mfupa ni mzima" na goti bado linakatika njiani, rudini mwombe kuonwa na mtaalamu wa mifupa.

Vijana wa miaka 10 hadi 15 hupata pia maumivu chini kidogo ya pia ya goti, mahali penye kinundu, au kwenye kisigino. Mara nyingi hayo ni ya kukua na kuruka kupita kiasi. Hayahitaji kisu, yanahitaji kupunguziwa kuruka kwa wiki kadhaa. Kwenye daftari la mwalimu utakuta mtoto huyo amekuwa akitaja pale pale tangu zamani.

Anapopona, swali la kila mtoto ni moja: narudi lini? Usitazame kalenda, wala usisikilize ahadi zake, maana ataapa kwamba haumi. Mrudishe kwenye lile benchi. Apigwe picha akirukia mguu mzima, kisha mguu ulioumia, zilinganishwe. Kama mmoja unaruka umbali mfupi kuliko mwenzake, au goti bado linaangukia ndani, aendelee na mazoezi ya nguvu na ya usawa, na siku za mechi apewe kile kopo la maharage.